Kubadilisha nenosiri kila miezi mitatu: tunalindwa au tunasumbuliwa?

Wiki hii studio imepokea ujumbe wa watu wawili wasiofahamiana. Kwa haraka habari zao hazifanani, lakini tulipokaa na kuzisoma mara ya pili tukaona ni habari moja.

Wa kwanza ni mwalimu wa sekondari wilayani Kilolo. Barua pepe yake ya kazini humtaka abadilishe nenosiri, au paswedi kama wengi tunavyosema, kila baada ya siku 90. Mara ya mwisho ujumbe ulimkuta shuleni, mtandao unakuja na kupotea. Akabadilisha haraka haraka. Kesho yake hakulikumbuka. Akajaribu mara kadhaa, akafungiwa. Ilibidi apande gari hadi Iringa mjini kumtafuta mtu wa TEHAMA amfungulie. Nauli ni yake, na vipindi vya siku hiyo havikufundishwa. Tangu hapo nenosiri lake jipya ameliandika nyuma ya daftari la mahudhurio, linalokaa mezani ofisini.

Wa pili ni kijana wa Mbarali. Alipomaliza kidato cha sita alifunguliwa barua pepe steshenari ili aombe mkopo wa elimu ya juu. Mhudumu ndiye aliyemwekea nenosiri, na ni lile lile analowawekea wateja wote. Kijana hakulibadilisha hata siku moja. Sasa anataka kuomba ajira, barua pepe haifunguki. Kuna mtu ameingia na kubadilisha kila kitu. Vyeti vyake, namba yake ya NIDA na picha ya kitambulisho chake vyote vimo humo.

Mmoja analazimishwa kubadilisha mara nyingi mno. Mwingine hakubadilisha kabisa. Nani yuko salama? Jibu fupi ni kwamba wote wawili hawako salama, na sababu inastahili kuelezwa taratibu.

Amri hii ilitoka wapi?

Tuanze na seva. Barua pepe yako haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye kompyuta kubwa inayoitwa seva, inayowaka usiku na mchana, ikipokea na kutunza barua za watu wengi. Simu yako ni kama dirisha tu la kuchungulia. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye nenosiri lako anaweza kufungua dirisha hilo akiwa Tunduma, Dar es Salaam au nje ya nchi, na wewe usijue.

Maneno ya siri kwenye kompyuta si ya jana. Yalianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, pale watu wengi walipolazimika kutumia kompyuta moja. Wizi nao haukukawia. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa hapo hapo alipata njia ya kuchapisha karatasi yenye maneno ya siri ya wenzake, kwa sababu muda aliopewa kwenye kompyuta haukumtosha.

Baadaye likaja wazo la kubadilisha kwa kalenda. Hoja yake ilikuwa na akili. Mwizi akianza kukisia nenosiri lako, itamchukua wiki au miezi. Ukilibadilisha kabla hajafika, anaanza upya. Na kama ameshalipata bila wewe kujua, siku ya kubadilisha anafungiwa nje. Ni kama mwenye ghala anayebadilisha kufuli kila msimu, kwa kuwa hajui ni nani amechonga ufunguo wa pili.

Mwaka 2004 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo uliosambaa sana. Ndani yake kulikuwa na mambo tunayoyajua wote: weka herufi kubwa, weka namba, weka alama, badilisha mara kwa mara. Mashirika, benki na ofisi za serikali katika nchi nyingi zikaufuata. Ndiyo maana mwalimu wa Kilolo anaamriwa jambo lililoandikwa Marekani zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Aliyeandika amekiri kosa

Mwandishi wa mwongozo ule anaitwa Bill Burr. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Kilichomfikisha huko ni tabia za binadamu. Ukimlazimisha mtu abadilishe nenosiri mara kwa mara, hatungi jipya. Anagusa kidogo lile la zamani. Kama lilikuwa Mbeya2024 analifanya Mbeya2025. Kama liliishia na 1 anaweka 2.

Hili lilipimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti zaidi ya 7,700 za watu waliokuwa wamelazimishwa kubadilisha nenosiri kila miezi mitatu. Waliuliza hivi: kama mwizi analo nenosiri la zamani, je, anaweza kulipata jipya? Kwa asilimia 41 ya maneno ya siri waliyojaribu, programu ya kompyuta ililipata jipya ndani ya sekunde tatu. Na kwa asilimia 17 ya akaunti, ilitosha kukisia chini ya mara tano. Mara tano ni idadi ambayo mifumo mingi inakuruhusu kujaribu kabla ya kukufungia.

Kwa maneno mengine, kufuli lilibadilishwa lakini funguo za zamani ziliendelea kulifungua.

Hapo wakubwa wakaanza kugeuka. Wataalamu wa usalama wa mtandao wa serikali ya Uingereza walianza kushauri dhidi ya amri hii mwaka 2015. NIST wenyewe waliiacha mwaka 2017. Kampuni ya Microsoft iliiondoa katika mapendekezo yake ya usalama wa Windows mwaka 2019. Na mwongozo mpya wa NIST wa mwaka 2025 umekwenda mbali zaidi: sasa unakataza kabisa kumlazimisha mtumiaji abadilishe kwa kalenda. Anapaswa kubadilisha pale tu panapokuwa na dalili kwamba nenosiri limevuja. Badala yake wanataka nenosiri refu, lenye herufi zisizopungua 15 kama hilo ndilo ulinzi pekee wa akaunti.

Tusimcheke anayeitetea

Sasa usikimbie kumwambia mtu wa TEHAMA wa halmashauri kwamba amepitwa na wakati. Ana hoja zake.

Viwango vya usalama vya kampuni za kadi za benki, vinavyofuatwa duniani kote, bado vinataka nenosiri libadilishwe kila siku 90 kama ndilo ulinzi pekee, yaani hakuna hatua ya pili ya kuthibitisha wala njia ya kumchunguza anayeingia. Ofisi nyingi za kwetu ziko hapo hapo. Mtu mmoja anatunza seva, kompyuta, printa na simu ya mkurugenzi. Hana chombo cha kumwambia kwamba leo usiku kuna mtu ameingia kwenye akaunti ya mhasibu kutoka nchi ya mbali. Kalenda ndiyo silaha aliyonayo.

Sisi wenyewe tulimwelewa kwa njia ngumu. Hapa studio tuna barua pepe moja inayopokea matangazo ya wateja na salamu zenu. Watangazaji watano tulikuwa tunatumia nenosiri moja, limebandikwa karibu na mikisa. Mwenzetu mmoja akapata kazi sehemu nyingine. Miezi kadhaa baadaye tukagundua simu yake bado inapokea barua zetu zote, pamoja na bei za matangazo. Hakuwa na nia mbaya, ni sisi tuliozembea. Tukaweka sheria ya kubadilisha kila miezi mitatu, tukajiona wajanja. Lakini nenosiri likatoka kuwa jina la studio na 1, likawa jina la studio na 2. Yule mwenzetu alipotutembelea akalitaja kwa kukisia, tukacheka, kisha tukanyamaza.

Somo tulilolipata ni hili: tulihitaji kubadilisha siku ile aliyoondoka. Siyo miezi mitatu baadaye, na siyo kwa kuongeza namba moja.

Kwetu mwizi hakisii, anaambiwa

Hapa ndipo tunaona mjadala wa Marekani na Uingereza hautufiki wote. Kule wanaogopa zaidi kompyuta inayokisia maneno mamilioni kwa sekunde. Huku vijijini nenosiri linavuja kwa mdomo na kwa msaada.

Fikiria safari ya nenosiri moja. Mhudumu wa steshenari analijua kwa sababu ndiye aliyelitunga. Mtoto wa jirani anaijua namba ya siri ya bibi kwa sababu ndiye anayemsomea ujumbe wa pesa. Kuna wakala aliyeambiwa namba ya siri na mteja asiyeona vizuri. Kuna karani wa AMCOS aliyeachiwa nenosiri na karani aliyemaliza muda wake, ambaye naye hakulisahau. Hakuna hata mmoja hapo aliyekisia. Wote waliaminiwa, na uaminifu huo ndio unaotuwezesha kuishi. Tatizo ni kwamba hatuna desturi ya kuufunga mlango baada ya msaada kwisha.

Kuna na jambo la laini za simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mteja mwingine. Kama barua pepe yako ilifunguliwa kwa namba uliyoiacha zamani, ujumbe wa kukusaidia kurudisha nenosiri utaenda kwa mtu usiyemjua. Unaweza kubadilisha nenosiri kila wiki, mlango wa nyuma bado uko wazi.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: kwa mazingira yetu, nenosiri libadilishwe kwa tukio badala ya kalenda. Simu imeibwa, badilisha. Umesaidiwa steshenari, badilisha jioni hiyo hiyo. Mtu ameondoka ofisini au kwenye kikundi, badilisha kabla ya chai ya kumuaga haijapoa. Umebonyeza kiungo usichokielewa, badilisha. Na kama hakuna tukio, liache, mradi ni refu na halijatumika kwingine.

Amri inavyowasaidia matapeli

Kuna hasara moja ya amri ya kalenda ambayo watu wachache wanaisema. Inatuzoesha kutii ujumbe.

Mtumishi aliyezoea kila baada ya miezi mitatu kuona maneno kwamba nenosiri lake limeisha muda, siku moja ataletewa ujumbe huo huo na tapeli. Utakuwa na nembo ya ofisi. Utasema akaunti yako itafungwa leo, bofya hapa ubadilishe. Anabofya, anaandika nenosiri la zamani na jipya, na tapeli anapokea yote mawili. Utapeli wa aina hii umeenea duniani kwa sababu unafanana na kazi ya kawaida ya ofisini.

Sisi Watanzania tunaujua mchezo huu kwa sura nyingine. Nani hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Anayeutuma hakujui. Anawatumia watu wengi akitumaini kwamba mmoja wao leo alikuwa anatakiwa kutuma pesa ya mahindi au ada. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiutaja mkoa wa Rukwa, jirani zetu hapa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na Morogoro, kuwa miongoni mwa maeneo yanayoongoza kwa namba zilizojaribu utapeli. Na hii ni baada ya laini zote kusajiliwa kwa alama za vidole, zoezi ambalo mwisho wake ulikuwa Januari 20, 2020. Usajili umesaidia kumjua mwenye laini. Haujatuzuia kutuma pesa wenyewe.

Ukipata ujumbe kama huo usiufute tu. Tuma ujumbe huo pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040 ili namba hiyo ifungiwe. Na ukipiga *106# unaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.

Sheria inasemaje?

Kuingia kwenye barua pepe ya mtu bila idhini yake ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hata kama alikuambia nenosiri mwaka juzi ulipomsaidia, hiyo siyo ruhusa ya leo. Kijana wetu wa Mbarali anaweza kufika kituo cha polisi na kufungua jalada. Aende na jina la barua pepe, tarehe aliyoingia mara ya mwisho, na ujumbe wowote alioupata wa kumjulisha kuwa nenosiri limebadilishwa.

Kwa upande wa ofisi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaotunza taarifa za watu wazilinde. Hii haiishii kwa makampuni makubwa. Steshenari inayobaki na vyeti vya wanafunzi mia mbili kwenye kompyuta isiyofungwa inashika taarifa za watu. Shule pia, na hata redio kama yetu.

Serikali nayo inazidi kuhamia mtandaoni, hasa tangu Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Mwalimu anaomba likizo na uhamisho kwenye mfumo wa ESS. Mhitimu anaomba kazi kwenye mfumo wa ajira wa serikali. Zamani aliyepoteza nenosiri alipoteza barua chache tu. Leo anaweza kupoteza usaili. Ndiyo maana tunasema kumfungulia mtumishi aliyefungiwa akaunti kusiwe safari ya siku nzima. Ofisi inayolazimisha watu wabadilishe nenosiri kila siku 90 inapaswa pia kuwa na namba ya simu ya kuwasaidia bila wao kusafiri. Bila hivyo, watu wataliandika nyuma ya daftari, na ofisi itakuwa imejichimbia shimo kwa sheria yake yenyewe.

Ufanye nini kuanzia leo

Kwanza, tunga nenosiri refu kwa kuunganisha maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, kwa mfano ulanzi, baiskeli, mvua na kinyozi. Huo ni mfano wa redioni, usiutumie. Tunga wako. Maneno manne ni rahisi kukumbuka kuliko Mb3y@!, na ni magumu zaidi kwa mwizi. Usichukue methali, jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa.

Pili, nenosiri la barua pepe lisifanane na jingine lolote. Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote. Aliyeishika anaweza kuomba maneno mapya ya akaunti zako nyingine, na yatamfikia yeye.

Tatu, weka uthibitisho wa hatua mbili. Ukifungua barua pepe kwenye simu mpya, unatumiwa namba fupi ya kuthibitisha. Namba hiyo usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu. Na hakikisha laini iliyounganishwa ni ile unayoitumia sasa.

Nne, ukilazimika kutumia kompyuta ya steshenari, andika nenosiri mwenyewe, mhudumu aangalie pembeni. Ukimaliza, hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla hujainuka kwenye kiti. Ukifika nyumbani libadilishe kwa simu yako, kisha angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na uondoe usivyovijua.

Tano, kama kumbukumbu inakusumbua, kuandika si dhambi. Andika kwenye karatasi, ifungie mahali unapoficha hati ya shamba. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua sanduku lako la chumbani. Ubaya wa daftari la mwalimu wetu ni kwamba linakaa mezani, mbele ya kila anayeingia.

Na wewe unayetumia kitochi, usidhani haya ni ya wenye simu janja. Namba ya siri ya pesa yako inafuata kanuni hiyo hiyo. Isiwe 1234, isiwe mwaka uliozaliwa. Siku ukilazimika kumtajia mtu akusaidie, hata awe mjukuu, ibadilishe ukishahudumiwa. Siyo kwamba humpendi. Unamwondolea lawama siku pesa itakapopotea.

Mwalimu wa Kilolo ametuambia daftari ameshaliondoa mezani, na karatasi iko nyumbani. Kijana wa Mbarali amefungua barua pepe mpya kwa simu yake mwenyewe na ameanza kufuatilia ile ya zamani polisi. Mhudumu wa steshenari aliyewawekea wateja wake wote nenosiri moja hatujui kama anatusikiliza. Kama unamfahamu mmoja wa aina hiyo mtaani kwako, msomee makala hii taratibu, kisha mwombe akae pembeni wakati unaandika lako.